Kama Maji Hayajafika, Mashine ya Kukata Zege Isiwashwe



Swali ninaloulizwa sana siku hizi halihusu mbegu wala mbolea. Linahusu sakafu. Vikundi vingi hapa Kigoma vinajenga au vinakarabati sakafu za zege: za kukamulia mawese kule Simbo na Mwandiga, za maghala ya mazao, na za kupokelea na kufungashia dagaa kwenye mialo kama Kibirizi na Katonga. Wengine wana sakafu za zamani na wanataka kuzipasua wapitishe mfereji wa maji machafu. Na wapo waliosogea juu baada ya ziwa kupanda miaka ya 2020 na 2021, wakaanza ujenzi upya mbali kidogo na maji. Wote wameiona au wameisikia ile mashine ya kusukuma kwa mikono, yenye magurudumu, injini ya petroli na diski kubwa ya almasi mbele, inayokata zege kama mkate. Wanauliza: "Afisa, tuikodi wenyewe tujikatie?"

Mimi ni afisa ugani. Nina stashahada ya kilimo, si ya ujenzi. Lakini sakafu mbovu inakula faida ya mkulima kila siku, na mapafu ya kijana anayekata zege ni mali ya kaya ile ile ninayoishauri kuhusu michikichi. Kwa hiyo nina msimamo kuhusu jambo hili, nao ni huu: ikodini mashine pamoja na mwendeshaji wake anayeijua, msikate kamwe bila maji, na kama hamna uhakika wa maji, acheni mashine kabisa mtumie njia ya mabao nitakayoieleza hapa chini. Najua wapo watakaosema nakuza mambo. Nawaomba wasome hadi mwisho kabla ya kuamua.

Kwanza, kwa nini sakafu ikatwe?

Wengi wanadhani sakafu ikipasuka basi simenti ilikuwa kidogo. Mara nyingine ni kweli. Lakini zege lolote likikauka husinyaa, hata lililochanganywa vizuri. Sakafu kubwa iliyomwagwa kipande kimoja ikisinyaa hutafuta mahali pa kuachia, na mahali hapo haichagui fundi, inachagua yenyewe. Ndiyo ile nyufa inayopita katikati ya sakafu kama mto Malagarasi kwenye ramani.

Kwenye sakafu ya sebule nyufa ni aibu tu. Kwenye sakafu ya mawese ni hasara: mafuta na maji machafu yanaingia, yanaoza, nzi wanazaliana, na harufu inahamia kwenye bidhaa. Kwenye sakafu ya dagaa ni mbaya zaidi, maana ufa hausafishiki kwa ufagio wala kwa maji.

Dawa yake ni kuikata sakafu mapema, kwa mistari iliyonyooka, ili isinyae pale ulipotaka wewe. Kanuni zinazotumika ni rahisi kukumbuka:

1. Mkato uwe na kina cha robo ya unene wa sakafu. Sakafu ya sentimita 10, mkato sentimita 2 na nusu. Ukikata juujuu sentimita moja, umechora tu, hujakata.
2. Umbali kati ya mkato na mkato, kwa sakafu ya sentimita 10, usizidi mita 3.
3. Vipande viwe karibu na mraba. Kipande chembamba na kirefu kitapasuka katikati.

Chukua sakafu ya mita 6 kwa 9. Unakata mstari mmoja wa mita 9 katikati ya upana, na mistari miwili ya mita 6 kukatiza urefu. Jumla mita 21, na unabaki na vipande sita vya mita 3 kwa 3. Mwendeshaji akienda polepole kabisa, nusu mita kwa dakika, ni dakika 42. Kazi yenyewe haifiki saa moja. Ndiyo maana nasema hakuna sababu ya kuifanya kwa pupa.

Mashine ifike kabla ya zege

Kosa linalogharimu vikundi vingi ni kutafuta mashine baada ya sakafu kukamilika. Wanamwaga zege Jumatatu, mashine inapatikana Ijumaa, wanakuta nyufa zimeshajikata zenyewe. Halafu wanalipia kukata sakafu iliyokwisha kupasuka.

Mkato wa kuzuia nyufa hufanyika ndani ya masaa, si ndani ya siku. Kwa kawaida ni kati ya saa 6 na saa 18 tangu fundi amalize kulainisha. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, jua kali na upepo wa ziwani hukausha zege haraka, kwa hiyo muda unapungua. Masika, au kukiwa na mawingu, unaongezeka.

Utajuaje kwamba wakati umefika? Jaribu pembeni, mahali pasipoonekana. Kata sentimita chache. Ukiona kokoto zinang'oka na ukingo wa mkato unamomonyoka, zege bado changa, subiri saa moja ujaribu tena. Ukiona ufa unakimbia mbele ya diski kabla haijafika, umechelewa.

Ushauri wangu wa ratiba ni huu: pangeni kumaliza kulainisha alasiri, kwenye saa 10 jioni. Lindeni sakafu usiku, mbuzi na watoto wasipite. Mashine, petroli na maji viwe vimelala hapo hapo. Alfajiri saa 12, mwanga ukitosha, mnaanza kukata. Hakuna kukata usiku kwa tochi ya simu. Mkimaliza mnaiosha sakafu na kuendelea kuimwagilia kwa siku 7, maana mkato hauondoi haja ya kumwagilia.

Vumbi: hapa ndipo penye uhai

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mchanga na kokoto vina madini yaitwayo silika. Ukiyashika mkononi hayana neno. Lakini diski inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika inayasaga kuwa unga mwembamba sana. Lile wingu jeupe unaloliona si baya kuliko yote. Baya zaidi ni lile usiloliona: chembe ndogo kiasi kwamba nywele na kamasi za puani haziwezi kuzizuia. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu na kubaki huko. Mapafu yanajaribu kuzifunika, yanaota makovu, na sehemu yenye kovu haipitishi hewa tena.

Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Unakuja taratibu, mara nyingi baada ya miaka, wakati aliyekulipa amekusahau. Na una rafiki mbaya: mtu mwenye silika mapafuni hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika ya aina hii miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Usidhani ni habari za Ulaya. Wachimbaji wa tanzanite kule Mererani wanalijua vumbi hili, na Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro inawahudumia wachimbaji wenye kifua kikuu na maradhi ya mapafu yatokanayo na vumbi. Tofauti ya mchimbaji na saidia fundi wa Ujiji ni kwamba mchimbaji angalau anajua anafanya kazi ya hatari. Kijana wetu anajua anakata sakafu tu.

Nimeona kwenye mwalo mmoja mtu anakata zege kavu kwa grenda iliyotolewa kifuniko, amefunga fulana puani, huku hatua kumi pembeni akina mama wanaanika dagaa na mmoja ana mtoto mgongoni. Fulana ile haizuii kitu. Kitenge hakizuii. Barakoa ya kitambaa tuliyoizoea wakati wa korona haizuii chembe hizi. Na mtoto hakuwa na hata hiyo fulana.

Maji ndiyo dawa. Yakimwagika mfululizo kwenye diski, pande zote mbili, unga unageuka tope kabla haujaruka. Wenzetu wa Marekani walipoandika kanuni zao za silika mwaka 2016, waliitaja mashine hii ya kusukuma kwa jina: ukikata nje, na mfumo wa maji wa mashine unafanya kazi kama ulivyotengenezwa, hawamdai mwendeshaji hata barakoa. Ukikata ndani ya jengo, wanadai barakoa ya kuchuja hata kama maji yapo. Fikiria hapo maji yana nguvu kiasi gani, na fikiria pia chumba kilichofungwa kina hatari kiasi gani.

"Afisa, maji tutatoa wapi?"

Naheshimu hoja hii kwa watu wa vijiji vya juu ambako ndoo ya maji ni safari. Lakini siikubali kwa mtu aliye mita hamsini kutoka Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa yanafaa kabisa kwa kazi hii. Yachuje kwa kitambaa tu, maana mchanga unaziba vitundu vya kumwagia diski.

Piga hesabu. Panga lita 10 kwa dakika. Kwa dakika 42 za ule mfano wetu ni lita 420. Ongeza ya kuosha sakafu, andaa mapipa matatu ya lita 200. Tangi dogo la kwenye mashine litaisha baada ya dakika chache, kwa hiyo usilitegemee. Inua pipa juu ya meza imara au rundo la matofali, unganisha mpira wa bustani hadi kwenye mashine, na weka mtu mmoja ambaye kazi yake ni moja tu: kuhakikisha pipa halikauki. Akipaza sauti "maji!", injini inazimwa. Hakuna kumalizia "hiki kipande kidogo tu".

Maji yana faida ya fedha pia. Diski ya almasi ndiyo kitu cha gharama katika kazi hii. Diski ya kukatia kwa maji ukiitumia kavu inapata moto, chuma chake kinageuka rangi ya bluu, na vile vipande vya almasi vya ukingoni vinaweza kung'oka na kuruka kama risasi. Kwa hiyo anayekata kavu ili kuokoa pipa la maji anapoteza diski, na bahati ikiwa mbaya anapoteza jicho.

Kama maji hayapo: njia ya mabao

Hapa ndipo wauza huduma za mashine hawatanipenda. Kama sakafu yako ni mpya na maji ni ya shida, huhitaji kukata hata kidogo. Gawanya eneo kwa mabao yaliyonyooka katika vipande vya mita 3 kwa 3. Mwaga zege kipande kimoja, ruka kimoja, kama bao la drafti. Yakishika, toa mabao, kisha mwaga vile ulivyoruka. Mahali vipande vinapokutana ndipo sakafu itakapoachia. Ni kazi ya siku mbili badala ya moja, haitoi vumbi, na fundi yeyote wa kijijini anaiweza.

Na kama lengo lako ni kuanika dagaa, jiulize kwanza kama sakafu ndiyo unayoihitaji. Kichanja cha miti na wavu, kilichoinuliwa kufikia kiunoni, kinapitisha hewa juu na chini, dagaa wanakauka haraka na hawaokoti mchanga. Jirani zetu wa Burundi, ziwa ni lile lile, wameona faida ya vichanja. Fedha ya zege iende kwenye sehemu ya kupokelea, kuoshea na kufungashia.

Mkiamua kukodi: mambo ya kukagua

Msimwachie mwenye mashine kila kitu. Katibu wa kikundi asimame na karatasi, akague haya kabla injini haijawashwa:

1. Kifuniko cha diski kipo na kimekaza. Kisipokuwepo, mashine irudi ilikotoka.
2. Diski haina ufa, haijapinda, na hakuna kipande cha almasi kilichong'oka ukingoni.
3. Mshale kwenye diski unaelekea upande ule ule diski inakozunguka.
4. Kasi iliyoandikwa kwenye diski ni kubwa kuliko kasi ya mashine, au walau inalingana nayo. Ikiwa ndogo, hapana.
5. Diski inalingana na zege. Zege changa lina mchanga unaokwaruza, linahitaji diski iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, la sivyo inaisha mapema. Zege la zamani lenye kokoto ngumu au nondo linahitaji nyingine. Mwulize mwendeshaji anayo ipi na kwa nini. Akishindwa kujibu, umejua huyo si mwendeshaji.
6. Maji yanatoka pande zote mbili za diski. Mwambie afungue uone kwa macho.
7. Oili ipo, chujio la hewa ni safi, mkanda haujalegea, petroli haivuji. Petroli huongezwa injini ikiwa imezimwa na imepoa, na hakuna anayevuta sigara karibu.
8. Mwendeshaji amevaa buti ngumu, miwani ya kazi, glavu na vizuia kelele. Nguo zisining'inie. Mkiwa hatua moja na hamsikizani, kelele hiyo inaua masikio.

Kwa sakafu ya zamani kuna swali la tisa, na ni la uhai: chini yake kuna nini? Kabla ya kupasua, mtafute aliyejenga, tafuta bomba la maji linaingilia wapi na waya wa umeme unapita wapi. Umeme wa jengo uzimwe kwenye swichi kuu. Mashine yenye maji, chuma na mikono ya mtu ikikutana na waya, hakuna wa kusimulia.

Jinsi kazi nzuri inavyoonekana

Hata kama si wewe unayeendesha, ijue kazi nzuri ili uweze kusema "hapana, simama."

Mstari unachorwa kwanza kwa uzi wenye chaki. Injini inawashwa diski ikiwa imeinuliwa juu. Maji yanafunguliwa. Injini inafikishwa kasi yake, kisha diski inashushwa taratibu hadi kina kinachotakiwa. Mwendeshaji anatembea nyuma ya mashine, si pembeni, na hakuna mtu anayesimama mbele au nyuma kwenye mstari wa diski. Watoto na watazamaji wakae mbali, mita 10 si nyingi.

Mashine haisukumwi kwa kifua. Ukisikia injini inaguna na kasi inashuka, au magurudumu yananyanyuka, unalazimisha. Punguza mwendo. Mashine haigeuzwi diski ikiwa ndani ya zege. Mstari ukipinda, inua, irudishe nyuma, anza tena. Kuikunja ili "kurekebisha" ndiko kunakobana diski, na diski iliyobanwa huirusha mashine kwa nguvu ambayo mikono ya mtu haiwezi kuishika.

Kwa kupasua sakafu ya zamani, usikate sentimita 10 kwa mara moja. Pita mara tatu, kila mara ukishuka sentimita 3 hadi 4. Kwa mfereji, kata mistari miwili sambamba, kisha katikati vunja kwa nyundo na tindo. Hapo vyote vimefanya kazi vinavyoiweza: mashine imetoa ukingo ulionyooka, nyundo imetoa zege. Ukianza kwa nyundo peke yake utapasua hata sehemu uliyotaka ibaki.

Diski ikiacha kukata na ukingo wake uking'aa kama kioo, haijaisha. Almasi zimefunikwa. Ipitishe mara chache kwenye tofali la mchanga na simenti, itafunguka.

Na kosa moja lisifanyike hata siku moja: kuiwasha mashine ya petroli ndani ya ghala lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anahisi usingizi, anakaa chini, haamki. Fungua milango na madirisha yote, na kama hewa haipiti, kazi hiyo ifanywe kwa njia nyingine.

Lile tope lisirudi ziwani

Maji yameshika vumbi, sasa una tope la kijivu. Hilo nalo lina tabia yake. Lina ukali wa simenti, linachubua ngozi na kuunguza macho, kwa hiyo anayelifagia avae gambuti na glavu, na akirukiwa jichoni aoshe kwa maji safi mengi kisha aende zahanati. Usiliache likauke juu ya sakafu, maana likikauka linarudi kuwa vumbi lile lile ulilolikwepa asubuhi.

Usilisukume ziwani. Ziwa hili ndilo shamba la mvuvi. Mwaka 2024 tulifunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na wengi wenu mlibeba mzigo huo. Haina maana kuwapumzisha samaki miezi mitatu halafu tukawamwagia simenti ukingoni. Chimba shimo dogo mbali na maji na mbali na kisima, lielekeze tope huko, litulie, kisha fukia. Na kama dagaa wanaanikwa karibu, kazi ianze baada ya kuwaondoa.

Malipo na wajibu

Kuna wanaolipa mashine kwa siku, na wapo wanaolipa kwa mita. Ukilipa kwa siku, mwendeshaji hana haraka. Ukilipa kwa mita, atakimbia. Mimi naona malipo kwa mita ni ya haki zaidi kwa kikundi kidogo, ila yawe na masharti yaliyoandikwa: kina kitapimwa kwa rula katika sehemu tano, maji hayakatiki, na mita zilizokatwa kavu hazilipwi. Andikeni pia nani ananunua petroli, nani anagharamia diski ikivunjika, na nani anamtibu mtu akiumia. Mambo haya matatu yasipoandikwa ndiyo yanayovunja vikundi.

Hilo la mwisho tusilipite. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde anayemfanyia kazi. Wakala wa OSHA upo kwa ajili hiyo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Lakini kibarua wa siku moja, aliyeitwa kwa simu na kulipwa mkononi, kwa kawaida hana karatasi yoyote ya kuonyesha. Akianza kukohoa baada ya miaka kumi, hakuna atakayekumbuka sakafu ya nani ilimuumiza. Kwa huyo, kinga pekee ya kweli ni kikundi chenye msimamo siku ile ya kazi.

Na mwenye mashine akikuambia "nimekata hivi miaka mingi na sijaumwa," usibishane naye. Mjibu kwa heshima kwamba kwenye sakafu yenu mnakata kwa maji. Fedha ni yenu, na kijana anayeshika mashine huenda ni mtoto wa jirani yenu.

Ninachowaomba

Kila kikundi kinachojenga mwaka huu, na kila uongozi wa mwalo, uweke sharti moja kwenye muhtasari wa kikao: hakuna kukata zege kavu kwenye eneo letu, iwe kwa mashine ya kusukuma au kwa grenda. Sharti hilo halihitaji bajeti wala kibali cha wilaya. Linahitaji mapipa matatu na mtu mmoja mwenye ujasiri wa kusema "zima".

Kabla ya kumwaga zege, mwite fundi, mwenye mashine na afisa ugani wa kata yako, mkae pamoja nusu saa. Chora sakafu kwenye karatasi, hesabu mita za kukata, hesabu lita za maji. Hesabu ikikataa, rudini kwenye njia ya mabao.

Kwa leo naishia hapo. Makala ijayo tutazungumzia mteremko wa sakafu ya kukamulia mawese na jinsi ya kutenganisha mafuta na maji machafu kabla hayajafika mferejini. Kazi njema, na Mungu awalinde.